Rilei iliyotuzimia hoteli nzima kwa kosa la dobi

Si kawaida yangu kulalamika hadharani juu ya kifaa, kwani kifaa kikiharibika hutengenezwa au hutupwa na kazi huendelea. Lakini rilei hii (kifaa kinachoupima umeme na kutoa amri ukatwe) ya kulinda dhidi ya breka, yaani swichi ya kukatia umeme, iliyogoma, tuliyoifunga katika chumba cha swichi cha kilovolti 11 cha hoteli ninayoifanyia kazi huku pwani ya mashariki ya Unguja, imenikosesha usingizi masika nzima, na kila nikiikumbuka simu niliyozungumza na fundi wa wakala aliyetuuzia hasira hunipanda upya.

Kwa asiyeijua, rilei hii ni mlinzi wa kumwangalia mlinzi. Hitilafu ikitokea katika njia moja ya umeme, rilei ya njia ile huiamuru breka yake ikate umeme, na ikikata mambo yameisha. Ikigoma, iwe kwa grisi iliyokauka, koili iliyoungua au kutu ya chumvi ambayo sisi wa pwani hatuhitaji kusimuliwa, rilei huona kwamba mkondo ungali unapita baada ya muda uliopangwa, nayo huiangusha breka kuu iliyo nyuma. Njia zisizo na kosa huzimika pamoja na yenye kosa, lakini kebo na transfoma husalimika. Kwa fikra, ni jambo la busara kabisa.

Jioni moja ya Ramadhani, maji ya mvua yaliingia katika kiungo cha kebo ya njia ya dobi. Breka ya dobi ilifanya kazi yake barabara, nami niliisikia kwa masikio yangu ikigonga, kwa sababu nilikuwa mlangoni mwa chumba kile nikisubiri adhana. Papo hapo breka kuu nayo ikaanguka. Hoteli nzima ikawa giza, jikoni futari ya wafanyakazi ikiwa bado motoni. Jenereta ziliwaka zikanguruma, lakini hazikuruhusiwa kuingia kwenye basiba, yaani pau kuu zinazogawa umeme kwa njia zote, kwa kuwa rilei hii ikishaamua kwamba breka imegoma huzifungia njia zote mpaka mtu aje aifungue kwa mkono. Na hivyo ndivyo inavyotakiwa, maana huwezi kuulisha umeme wa jenereta mahali unapoamini pana hitilafu isiyokatwa. Tatizo ni kwamba hapakuwa na breka iliyogoma.

Tukio hilo lilijirudia mara mbili zaidi mvua hizo hizo, ndipo nikampigia simu fundi aliyetufungia. Nilianza kwa salamu, nikamweleza kwa utulivu kwamba nahisi muda umepangwa mfupi mno. Alinikatiza kabla sijamaliza. "Mzee, hii ni mitambo ya kisasa, inakwenda kasi, na kasi ndio usalama wenyewe. Wewe shughulika na jenereta zako." Kwetu neno mzee ni la heshima, lakini yeye alilitamka kama anayemwondoa mtu njiani. Nilipomwomba neno la siri ili nibadilishe mipangilio mwenyewe, alinijibu kwamba halitolewi kwa watu wa matengenezo. Rilei tumeinunua sisi, kwa fedha zetu, na ufunguo wake ameuweka yeye mfukoni!

Kilichonitetea ni rilei yenyewe. Kusoma kumbukumbu zake za matukio hakuhitaji neno la siri, nami niliposhuka katika orodha nikakuta ushahidi kamili: amri ya kukata imetolewa, baada ya milisekunde 60 breka kuu ikaamriwa kuanguka, na katika milisekunde 70 mkondo wa njia ya dobi ukafika sifuri. Breka ilikuwa katikati ya kazi yake inahukumiwa kwamba imegoma. Muda wa rilei kama hii haukisiwi. Unachukua muda wa breka kukata mkondo, ambao kwetu ni hizo 70, unaongeza muda wa rilei kutambua kwamba mkondo umekatika, tuseme 20, kisha unaweka akiba ya usalama ya 60 hivi. Hiyo ni 150. Hauachwi urefuke ovyo pia, maana ukizidi sana rilei za shirika la umeme zitatutangulia na vijiji vya jirani vitazimika kwa kiungo chetu kibovu. Sisi tuliokaa gizani hapa Unguja mwaka 2008, na tena tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, hatupendi kumzimia jirani taa kwa mzaha.

Hatimaye wakala alimtuma kijana mwingine, mpole, ambaye aliitazama kumbukumbu, akanyamaza kidogo, akaandika 150. Akawasha pia hatua ya kwanza iliyokuwa imezimwa, ile ya kuiamuru tena breka yenyewe kupitia koili yake ya pili kabla ya kuiangusha breka kuu. Dakika kumi zilimtosha. Msamaha haukutajwa.

Nilikuwa nimeshaamua kuandika kwamba mtu asiinunue, na pengine ningesimama hapo. Lakini majuzi, upepo wa kusi ulipoanza, breka ya pampu za maji iligoma kweli: amri ya kwanza haikufua dafu, amri ya pili haikufua dafu, na rilei ikaiangusha breka kuu kwa wakati wake. Nilipoivuta breka ile nje nilikuta mtambo wake umeganda kwa chumvi na vumbi. Kebo ilikuwa nzima, na transfoma, ambayo kuipata nyingine ni kusubiri meli, ilikuwa nzima pia. Kwa hiyo siwezi kuitukana rilei. Nikiwa mkweli, ningeinunua tena kesho, na ningeipa nyota zote isipokuwa moja.

Nilikuwa na nia ya kumaliza kwa maneno hayo mazuri. Asubuhi hii nimeletewa ankara ya wakala: safari ya fundi, boti kwenda na kurudi, na "marekebisho ya mipangilio kwa ombi la mteja". Nimezifuta nyota mbili. Ankara nimeirudisha pamoja na nakala ya kumbukumbu za matukio, na chini yake nimeandika ombi moja tu, kwamba waniletee neno la siri.