“Maji yatajiweka sawa yenyewe”: yaliyonikuta na tangi la samaki

Ukienda kununua tangi la samaki hapa Dar, nenda na pima maji. Ile ya mafundi ujenzi, yenye kipovu ndani. Azima kwa jirani, kodi kwa fundi, fanya unavyojua, ila usiende bila hiyo, maana wauzaji wenyewe hawana na ukiwauliza wanakuona mtu wa kujisumbua.

Duka silitaji. Liko Kariakoo, lina matangi yamepangwa mpaka barazani, taa za bluu, samaki wanapendeza, na kijana wa mlangoni ana maneno matamu. Hapo sina lawama. Nilichagua tangi la urefu wa mita moja, upana sentimita 40, kimo 50. Fanya hesabu utaona: lita 200, ambazo ni kilo 200 za maji matupu, hujaweka kokoto, hujaweka mawe, na kioo chenyewe kina uzito wake. Nikalichagua refu badala ya lile la kusimama kama mnara kwa sababu joto letu hili linafanya maji yashike hewa kidogo, na hewa inaingilia juu, kwenye uso wa maji. Uso ukiwa mpana samaki wanapumua. Yale ya duara na yale marefu kwenda juu ni ya kupigia picha.

Basi likaja kwa kirikuu, na mwenye duka mwenyewe akaja nalo, amekaa mbele, mikono haijagusa kitu. Vijana wawili ndio walioshusha. Wakaweka stendi ukutani, ile ya mbao za kusagwa zilizobandikwa karatasi ya rangi ya mninga, wakaweka tangi juu, wakaanza kujaza. Mimi nimesimama mlangoni nikaona. Nikamwambia, “Kaka, mbona hili limelalia upande wa dirisha?”

Akacheka. Hakuinamia hata kuangalia. “Mama, wewe jaza tu. Maji yatajiweka sawa yenyewe.”

Na kweli, maji yalijiweka sawa. Maji siku zote yanajiweka sawa, ndiyo kazi yao. Tangi ndilo halikujiweka. Upande wa dirisha maji yalifika karibu na ukingo, upande wa mlango yakabaki chini kwa vidole viwili vizima, na ukiingia sebuleni unaona ule mstari unakwenda mshazari kwenye kioo mpaka unahisi nyumba imeinama. Wageni walikuwa wanauliza kabla hawajaketi.

Nikauliza pia kuhusu sponji ya kutandika chini ya kioo. Ni kitu chembamba tu, kinameza vijipunje na mabonde ya ubao ili kioo kisibebe uzito sehemu moja. Akasema hayo ni mambo ya Wazungu. Haya. Kioo na maji navyo ni vya Wazungu?

Siku hiyohiyo akaniuzia samaki. Kumi na ushee, wale wa dhahabu wenye mikia ya shela, kwenye tangi lililojazwa maji ya bomba asubuhi ile. Anayefuga samaki ameshashika kichwa. Tangi jipya halina wale bakteria wanaogeuza amonia, ile sumu ya mavi ya samaki, kuwa naitraiti na kisha naitreti, na mpaka waote kwenye filta na kokoto inachukua wiki kadhaa, mara nyingi nne mpaka sita. Na samaki wa dhahabu ni wachafuzi hakuna mfano. Mwenye duka la samaki hajui hilo? Anajua. Alinipa kichupa cha dawa ya bluu na kuniambia, “Wakilegea weka matone.” Walilegea. Niliweka matone. Wakafa mmoja mmoja, mwanangu wa mwisho akawa anawazika kwenye kopo la mchicha.

Hilo ningelisamehe, biashara ya samaki ni ya kufa na kupona. Kisa changu ni usiku wa siku nyingine, wiki chache mbele. Umeme ulikuwa umekatika, pampu imenyamaza, na ndiyo maana nilisikia. Tone. Halafu tone. Nikawasha tochi ya simu: kona ya chini, upande uleule wa dirisha, tone limening'inia kwenye ungio la vioo, linanenepa, linadondoka, jingine linaanza. Nikalifuta kwa khanga, likarudi. Nikagusa silikoni, ile gundi inayounga vioo, kwa ukucha, ikainuka yenyewe, utepe mzima, laini, haijashika kioo hata kidogo. Na chini yake, jamani, ekstensheni ya taa na pampu, iliyopachikwa pale na vijana wa duka. Umeme ungerudi wakati ule sijui ningekuwa naandika nini leo. (Waya wa pampu uachwe ulegee, ushuke chini kuliko soketi ndipo upande, ili maji yakifuata waya yadondokee sakafuni. Na soketi iwe ukutani. Hili ni bure kutoka kwangu.)

Asubuhi nikaenda dukani. Nilikuwa nimejiambia sitapaza sauti. Bosi amekaa kwenye kiti cha plastiki, anakunywa chai, simu mkononi. Nikasalimia, akaitikia bila kuinua macho. Nikamwonyesha video. Akaitazama nusu, akarudisha simu yangu mezani kwa kidole, akasema:

“Mama, hicho ni kioo, siyo sufuria.”

Nikamwambia nataka garantii. Akaninyooshea kidole ukutani, kile kibao cha kila duka: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Kisha akamgeukia mteja mwingine, akatabasamu naye, halafu kama aliyesahau kitu akanigeukia tena: “Wewe ulitaka samaki au ulitaka garantii?”

Mbele za watu. Mimi mtu mzima, nimemlipa laki nne na ushee taslimu, risiti nimeiomba mara mbili ndiyo nikapewa. Kibao hicho cha ukutani wala hakiwi sheria kwa sababu kimeandikwa kwa herufi kubwa. Nchi hii ina Sheria ya Ushindani ya 2003 inayokataza mfanyabiashara kumpotosha mnunuzi kuhusu ubora wa bidhaa. Nikamwambia. Akasema, “Nenda.” Nenda wapi, hakusema.

Nyota moja, basi. Kama kungekuwa na nusu ningempa nusu.

Sasa nikiwa natoka nimevimba, yule kijana mbebaji, mmoja wa wale wa kirikuu, akanifuata mpaka kwenye kona ya muuza maji ya madafu. Akaniambia kwa sauti ya chini, “Mama, shikamoo. Tafuta fundi vioo akuvulie hizo silikoni zote aweke upya. Bosi anatumia ya bafuni.”

Kwa asiyejua: silikoni za bafuni nyingi zimetiwa dawa ya kuzuia ukungu, na dawa hiyo kwa samaki ni sumu. Ya tangi inatakiwa iwe silikoni tupu, isiyo na dawa hiyo, na za aina hiyo nyingi zikiwa zinakauka zinatoa harufu kali ya siki. Sitasema ndiyo iliyoua samaki wangu, maana ile amonia peke yake ilitosha. Lakini sitasema siyo.

Fundi nilimpata Tabata hapahapa, anatengeneza madirisha ya alminiamu. Alikwangua kwa wembe ungio moja baada ya jingine mpaka kioo kikawa kitupu, akafuta kwa spiriti, akajaza upya, nyumba nzima ikanuka siki. Akakata vipande viwili vya kioo akavibandika juu, kutoka upande wa mbele hadi wa nyuma, kwa sababu lilikuwa halina mkanda na alisema maji yanasukuma kioo cha mbele kinatoa tumbo. Akalipiga pima maji, kipovu kikakimbilia pembeni mpaka mwisho, akanitazama bila kusema kitu, akaenda kuchonga kabari. Akatandika na sponji. Akaniambia nisitie maji hata kikombe kwa wiki nzima.

Na hapa ndipo ninapokwama, maana lazima niseme kweli: kioo chenyewe ni kizuri. Milimita 8, hakina mawimbi, kingo zimesagwa vizuri hazikati mkono. Fundi mwenyewe alikisifu, akasema kwa kioo hiki bei haikuwa ya wizi. Kwa hiyo nyota mbili? Mbili za kioo. Kwa bosi sifuri.

Safari hii niliacha maji yazunguke wiki kadhaa kwanza, na sikurudi kwa samaki wa dhahabu. Kuna mbuna wa Ziwa Nyasa, na kuna wale wa Ziwa Tanganyika wanaovuliwa Kigoma na kusafirishwa kwa ndege kwenda kuwapendezesha watu wa Ulaya huko. Wanapenda maji magumu yenye chokaa, wanapenda mawe ya kujifichia, na joto la sebule ya Dar halihitaji hita yoyote. Mbuna wangu ni wakorofi, wanagombania pango moja kutwa, njano kwa bluu, na jioni watu wa nyumba hii tunazima televisheni tukawatazame. Mume wangu aliyesema laki nne zimezama ndiye anayewapa chakula.

Nilipata hao mbuna wapi? Dukani kulekule. Hakuna mwingine aliyekuwa nao wazima. Bosi hakunikumbuka, akaniita “dada mrembo” na kunipunguzia bei.

Kwa hiyo sijui niwaambieje. Samaki wa ziwa kanunueni pale, ni wazima kweli, na kokoto zao ni safi. Tangi msinunue. Au nunueni kioo kitupu, vipande, mumpelekee fundi vioo aunge kwa silikoni yake. Na mkikutana na yule kijana mbebaji, mpeni ya soda, mwambieni mama wa Tabata anamsalimu na tangi halivuji.