Toyota Genuine 5W-30 kwenye injini ya 1NZ: asubuhi nusu dakika inatosha

Wenye Vitz, IST, Probox na Premio za injini ya 1NZ-FE, hasa wanaokaa kwenye baridi ya Njombe, Makete au Limuru, wengi huacha gari liungurume dakika kumi kabla ya kutoka. Ukiwa na oili hii, hapo unachoma petroli bure.

Sifa yake kubwa ni wepesi ikiwa haijapata moto. Kwenye nyuzi 40 za Selsiasi, oili za 5W-30 huwa na mnato (uzito wa kutiririka) wa sentistoku 60 na ushee, wakati 20W-50 ambayo mafundi wengi huisifia kwa uzito hufika 150 na zaidi. Nyepesi hupanda mapema kwenye kamshafti, shafti ya juu inayofungua valvu, na mlio wa valvu wa asubuhi hukata haraka.

Washa, subiri sekunde 20 hadi 30, hakikisha taa ya oili imezima, kisha ondoka. Usivuke mizunguko 2,500 kwa dakika mpaka taa ya bluu ya injini baridi izime. Hata ikizima, usikanyage sana kwa dakika chache, maana oili huchelewa kupata moto kuliko maji ya rejeta. Giaboksi nayo haipati moto vizuri gari likiwa limesimama.

Kuungurumisha sana kuna madhara hasa. Injini ya baridi hupewa petroli nyingi. Isiyoungua huosha oili kwenye kuta za silinda na kushukia kwenye sampo, bakuli la oili chini ya injini. Chomoa stiki ya kupimia oili: ikinuka petroli, au oili imepanda juu ya alama bila kuongezwa, imwage.

Dumu la lita 4 lisiishie lote ndani. 1NZ-FE inachukua lita 3.7 ukibadilisha na filta. Mimina 3.5, washa dakika moja, zima, subiri dakika tano, pima, ndipo uongeze kidogo kidogo. Ile washa (pete ya kuzuia kuvuja) ya nati ya sampo iwe mpya.

Siipendekezi kwa injini iliyokwisha ringi za pistoni na kutoa moshi wa bluu: injini hiyo itailamba oili, na usipopima kila wiki utakuta stiki kavu. Kuna feki pia, kwa hiyo nunua kwa wakala na ukatae dumu ambalo kizibo chake kimeshalegezwa.