TAHADHARI: Mawakala wa "kuingiza makala Scopus" Arusha na Moshi

Kwenye magrupu ya WhatsApp ya wanafunzi wa uzamili na uzamivu Arusha na Moshi zinazunguka ofa za mawakala: makala yako iingie Scopus (hifadhidata ya kimataifa ya majarida ya kitaaluma) ndani ya siku 5, barua ya kukubaliwa unapewa leo leo, hela unatuma kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Usitume.

Anza na hiyo barua. Mhariri wa kweli hutafuta wahakiki wawili au watatu wanaoijua mada, waisome, wakurudishie maswali. Kazi hiyo hula wiki nyingi, mara nyingi miezi. Barua ya siku ile ile, isiyogusa hata jedwali moja la makala yako, ujue hakuna aliyeisoma.

Hata walio makini hunaswa na jarida lililoigwa. Tapeli anachukua jina na ISSN (namba maalumu ya jarida) ya jarida halisi, anafungua tovuti yake pembeni. Unaangalia ISSN, unaikuta iko sawa, unaridhika. ISSN ni utambulisho tu, haisemi lolote kuhusu ubora. Fungua portal.issn.org, weka zile tarakimu 8, linganisha jina, nchi na anwani ya tovuti (ikiwa imeandikwa) herufi kwa herufi. Kisha ingia orodha ya majarida ya Scopus (ni bure), utafute kwa ISSN na uangalie makala zake zinaingizwa humo hadi mwaka gani. Jarida lililoondolewa huonyeshwa kuwa limesitishwa. Wakala yeye atakutumia skrinishoti ya zamani. Halafu chukua DOI (namba ya kudumu ya makala mtandaoni) ya makala yoyote ya toleo la nyuma, ibandike doi.org. Isipofunguka, au ikikupeleka kwenye makala nyingine, achana nao.

"Global Impact Factor" wanayojisifia ni pambo. Impact Factor inayotambulika (kipimo cha wastani wa makala za jarida kunukuliwa) hutolewa na kampuni ya Clarivate.

Ada ya kuchapisha peke yake siyo utapeli, ila kwa kawaida hulipwa baada ya uhakiki, kwa ankara ya mchapishaji. Tanzania iko Kundi A la Research4Life (mpango wa kuzipa nchi zinazoendelea majarida bure au kwa bei nafuu), na wachapishaji wengi hutumia makundi hayo kusamehe au kupunguza ada. Omba msamaha wa ada unapowasilisha makala. Ankara ikishatoka umechelewa. Na hii dharau ya majarida ya nyumbani ndiyo inayowalisha matapeli: pitia AJOL (tovuti ya majarida ya Afrika), yamo Tanzania Journal of Science na Tanzania Journal of Health Research, na majarida mengi yamepangwa kwa nyota za JPPS (vigezo vya ubora wa uchapishaji), hadi 3.

Kama umeshatuma makala, usisaini fomu ya hakimiliki. Ukisaini wataichapisha, kisha watakudai "ada ya kuiondoa", na jarida lingine halitaipokea kwa sababu tayari iko mtandaoni. Andika barua pepe ya kuiondoa, nakala kwa msimamizi wako, uitunze. Kama umeshalipa, piga haraka kwa mtandao wako wa simu uombe muamala uzuiwe, ripoti polisi, na namba ya tapeli itume TCRA (mamlaka ya mawasiliano) kupitia 15040. Ada ya pili usilipe, hata wakitishia kukuripoti chuoni.