Léoville Barton au Rubicon ya Meerlust: ununue ipi Lubumbashi?

Kila harusi ikikaribia, mabishano yanarudi: divai nyekundu ya Ufaransa au ya Afrika Kusini? Nachukua mbili za mashamba ya familia. Ukoo wa Barton unamiliki Léoville Barton, huko Saint-Julien, eneo la Bordeaux, Ufaransa, tangu 1826. Ukoo wa Myburgh uko Meerlust, shamba la Stellenbosch, Afrika Kusini, linalotoa Rubicon, tangu 1756. Divai zote mbili huchanganya zabibu za Cabernet Sauvignon, Merlot na Cabernet Franc.

Kwa bei, Rubicon inashinda waziwazi. Njia yake pia ni fupi, lori linapita Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Lakini joto la Oktoba ndani ya kontena huharibu zote mbili: ukiona kizibo kimesukumwa juu au shingo ina michirizi ya divai, iache dukani.

Kwa kukaa miaka mingi, naipa Barton. Ikiwa changa hukausha ulimi. Baada ya miaka kumi hivi hulainika, na harufu yake ya mwerezi naipenda mno. Ila inadai giza, nyuzi 13 hivi, chupa ilazwe. Umeme wetu unakatika, hivyo usitegemee friji peke yake.

Wageni na michopo (nyama choma) ya mbuzi ni Jumamosi hii? Rubicon. Mtoto amezaliwa mwaka huu, na nyumba ina chumba cha chini chenye ubaridi? Mwekee Barton hadi amalize chuo.