Madabodi moja, prosesa mbili: AM4 yangu hapa Wete

Nina duka la kuchapisha kadi za harusi, Wete, Pemba. Kompyuta yake niliiunga mwenyewe: madabodi (bodi kuu) ya B450 na prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ya Ryzen 5 2400G, viini vinne, picha humo humo bila kadi ya picha ya kununua mbali. Kwa kadi za harusi ilinitosha. Tabu ilianza wateja walipotaka na video: naianza kuitoa baada ya Magharibi, saa tano za usiku bado inahesabu.

Msimu wa karafuu pesa zikaonekana. Fundi mmoja akanishauri ninunue mashine nzima. Ya nini? Soketi ya AM4, pale prosesa inapokaa kwenye bodi, ina matundu 1331, na Ryzen 5 5600G ya mwaka 2021 inakaa palepale ilipokaa ile ya 2018. Viini sita, wati 65 zilezile, hata pawasaplai sikuigusa.

Ila BIOS, programu ya bodi yenyewe inayoiwasha mashine, lazima isasishwe kwanza, prosesa ya zamani ikiwa bado imo. Ukitanguliza mpya, bodi haiijui na skrini inabaki nyeusi. Niliweka faili kwenye fleshi, nikaiegemeza mashine kwenye UPS, betri ya kushika umeme ukikatika, nikangoja usiku mkubwa. Umeme wetu unapita chini ya bahari kutoka Tanga na una siku zake. Ukikatika katikati ya kazi ile, bodi inaweza kufa.

Kosa nililifanya kwenye kung'oa. Prosesa za AM4 zina pini chini yake, na pesti ya feni, ile ya kupitisha joto inayopakwa juu ya prosesa, ilishakauka kama gundi. Nikavuta. Feni ikaja na prosesa yake, mkono wa soketi bado umefungwa! Pini mbili zikapinda, nikazinyoosha kwa wembe huku jasho linanitoka. Nyinyi iwasheni kwanza ipate moto, izimeni, kisha zungusheni feni taratibu kushoto na kulia kabla ya kuinua.

Na RAM, kumbukumbu ya kazi ya kompyuta, tieni vipande viwili vya GB 8, si kimoja cha 16. Picha zinachota humo, na vikiwa viwili njia ni mbili.

Lawama yangu ni kutu. Duka liko karibu na bandari, na matundu ya USB ya nyuma yameshaanza wekundu.

Video sasa saa tatu imekwisha, sijafunga duka. Ile 2400G ninayo kwenye kasha lake, pini zimenyooka kiasi. Anayeitaka aje, tutasikilizana.