Mhusika mkorofi: aadhibiwe mchezoni au mzungumze?

Katika Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliotoka Marekani mwaka 1974, ambamo kila mchezaji huigiza mhusika wake katika hadithi, mhusika mwizi anayewaibia wenzake huharibu raha ya meza nzima. Msimamizi, yaani anayeongoza hadithi, anaweza kumwadhibu ndani ya hadithi, kwa askari au laana. Inavutia, lakini mchezaji hujiona ameonewa. Kikao kijacho anaiba tena, safari hii kwa hasira.

Au dadu ziwekwe chini, mchezaji aulizwe: “Mhusika wako anawapendea nini hawa?” Hapo mwizi hubaki mwizi, ila anawaibia maadui na kumgawia mganga aliyemfunga jeraha. Mimi nachagua hii bila kusita. “Ndivyo mhusika wangu alivyo” si hoja, maana aliyemuumba ni mchezaji mwenyewe. Aulizwe pembeni tu, asiaibike mbele ya wenzake.