Kozi ya Jumamosi tatu ya kukagua hesabu zilizopikwa, Mbeya mjini: nyota 3 na nusu

Nimemaliza juzi Jumamosi, maeneo ya Kabwe, jina la waendeshaji siweki maana nina malalamiko na sitaki simu za usiku. Ada elfu 90, saa 3 asubuhi mpaka saa 8 mchana, chai na chapati mbili humo humo.

Mimi sio mhasibu, nauza vifaa vya ujenzi Mwanjelwa. Ila niko kamati ya usimamizi ya saccos yetu na mwaka juzi tulipigwa. Mwanachama mwenzetu alileta hesabu za kampuni yake, zimekaguliwa, zina muhuri, faida inapanda kila mwaka, sisi tukaruka moja kwa moja mpaka mstari wa chini tukaona namba nzuri tukapitisha mkopo, akarejesha miezi miwili halafu kimya. Kwahiyo nilienda pale na hasira zangu.

Mwalimu ni mama mmoja mkaguzi mstaafu, mkali, anaongea taratibu halafu hapendi simu. Siku ya kwanza asubuhi nilitaka kusinzia kwa kweli, ni maana ya hiki na maana ya kile, mambo ya kidato cha pili. Ila baada ya chai akatugawia karatasi moja ya kampuni ya mfano inayouza viazi vya Uyole kwenda Dar na hapo ndio elfu 90 yangu ilianza kurudi.

Mwaka wa kwanza mauzo milioni 400, wadaiwa (yaani hela ambayo wateja bado hawajalipa) milioni 60. Mwaka wa pili mauzo milioni 520, wadaiwa milioni 156. Faida milioni 48. Akauliza nani anakopesha hii kampuni, darasa zima mikono juu, na mimi nikiwemo, sijakoma. Akasema haya toeni kalkuleta, wadaiwa gawanya kwa mauzo zidisha 365. Mwaka wa kwanza siku 55, mwaka wa pili siku 110. Yaani mteja aliyekuwa analipa ndani ya miezi miwili sasa hivi anachukua karibu minne, viazi! Nani anakopesha viazi miezi minne. Halafu akatufungulia ukurasa wa mtiririko wa fedha, ule ambao sisi kwenye kamati hatujawahi hata kuufungua, hela iliyotokana na biashara yenyewe ni HASI milioni 31. Faida 48 kwenye karatasi, mfukoni wametoa 31. Dada mmoja wa Mbalizi akasema "mwalimu, labda wateja watalipa mwakani," mama akamjibu "mwanangu, faida naweza kuiandika nikiwa nimekaa hapa hapa. Hela nionyeshe."

Na akaeleza kitu ambacho hakijatoka kichwani mpaka leo. Ukidanganya faida, ule uongo lazima upate pa kulala kwenye mizania, ile karatasi ya mali na madeni, hauwezi kupotea. Ukiandika mauzo hewa utalala kwa wadaiwa, ukificha gharama utalala kwenye stoku au kwenye mali, na mwizi jasiri zaidi anaulaza kwenye salio la benki. Wewe kazi yako ni kuzunguka vyumba hivyo vinne unagonga mlango.

Chumba cha mali alikieleza kwa WorldCom ya Marekani, kampuni ya simu, Juni 2002 ikakiri kwamba gharama za dola bilioni 3.8, nyingi ni za kulipia laini za makampuni mengine, zimeandikwa kama mali. Nikawa sielewi, mzee mmoja mwenye mafuso akanisaidia, akasema ni kama dizeli ya kupandia Kitonga unaiandika kuwa ni sehemu ya gari, halafu unaikata kidogo kidogo miaka mitano, wakati dizeli yenyewe imeshaungua jana. Daah. Huyu mzee alipaswa kulipwa na yeye.

Chumba cha benki ndio kilichoniuma maana ndipo tulipopigwa sisi. Parmalat ya Italia, ya maziwa, Desemba 2003, akaunti yenye karibu yuro bilioni 4 ikathibitishwa kwa barua ya Bank of America, benki ikasema hiyo barua sio yetu. Ukadhani watu wamejifunza, 2020 Wirecard ya Ujerumani, ya malipo ya kadi na mtandaoni, yuro bilioni 1.9 zinasemwa ziko benki mbili za Ufilipino, benki zote mbili zikasema huyo sio mteja wetu na karatasi ni za kughushi. Sasa sisi statimenti ya benki tulipewa na mkopaji mwenyewe, kwenye bahasha, tukashukuru. Mama anasema barua ya benki aiombe mkaguzi na ijibiwe kwa mkaguzi, isipite mkononi mwa mwenye kampuni hata dakika moja. Na muhuri wa mkaguzi usikulaze, Enron, kampuni ya nishati ya Marekani, ilikuwa inapewa hati safi na wakaguzi wake Arthur Andersen mpaka ikafilisika Desemba 2001.

Sasa malalamiko. Ukumbi uko juu ya duka la spika, kila tukifika pazuri linapigwa singeli. Projekta ilikuwa haionyeshi rangi nyekundu, na mwalimu namba zote za hatari kaziweka nyekundu, mnaelewa. Fotokopi hafifu, 3 na 8 ni kitu kimoja, kwenye kozi ya NAMBA jamani.

Kubwa zaidi ni siku ya tatu. Walitangaza tutafundishwa ile fomula ya Profesa Beneish ya kunusa hesabu zilizochezewa, yenye uwiano nane, ambayo wanafunzi wa chuo kikuu cha Cornell, Marekani, waliitumia 1998 wakasema Enron inanukia kuchezewa hesabu, miaka mitatu kabla haijaanguka. Mimi nililipia hasa kwa ajili ya hiyo. Ikapewa dakika 40, kijana mwingine tu sio mama, anakimbiza eksel kama anawahi basi la Tunduma, wenye kompyuta watatu darasa zima. Sijaelewa na sitajifanya nimeelewa.

Thamani ya hela ipo? Kwa mtu wa saccos, amcos, au anayetaka kununua hisa DSE, soko la hisa la Dar, ipo, kwa sababu ya Jumamosi mbili za mama. Mhasibu mwenye CPA asiende, atalala. Jumatatu nilichukua faili la yule aliyetupiga nikakaa nalo dukani, wadaiwa wamepanda mara tatu na mauzo yamepanda kidogo tu, na mdaiwa mkubwa kuliko wote, kwenye maelezo ya nyuma ukurasa wa 17, ni kampuni ya mke wake. Ilikuwa imeandikwa. Tulisaini juu yake.

Ukienda vaa jaketi, madirisha hayafungi na baridi yetu mnaijua. Beba kalkuleta, ya simu mama hataki. Faili la eksel waliahidi kututumia, kila nikipiga naambiwa "kesho kaka", likija naongeza nusu nyota.